Kagua mwisho wa gemu kabla wachezaji hawajaufikia

Wachezaji huvumilia mwisho wa huzuni. Wasichovumilia ni mwisho unaokana yale ambayo gemu yenyewe iliwafundisha.

Anza na jedwali. Orodhesha maamuzi yote mazito ya mchezaji, na mbele ya kila uamuzi andika ni wapi matokeo yake yanaonekana katika nusu saa ya mwisho. Pakiwa patupu, hapo ndipo malalamiko yatakapotokea. Mass Effect 3 (Machi 2012) ilikwama papo hapo: maamuzi yalibebwa kutoka gemu ya kwanza hadi ya tatu, kisha wachezaji wakapewa njia tatu zenye video zinazokaribia kufanana, tofauti ya wazi ikiwa rangi ya mlipuko. Juni mwaka huohuo BioWare, studio iliyoitengeneza, walitoa nyongeza ya bure ya kurefusha hitimisho.

Kujaza jedwali si lazima kugharimu sana. Fallout: New Vegas (2010) ilitumia picha zisizosogea na sauti za wasimulizi kueleza hatima ya kila jamii kulingana na ulichoifanyia.

Halafu pima kanuni za ulimwengu wako. Mwishoni mwa Fallout 3 (2008) mtu alipaswa kuingia kwenye chumba chenye mionzi ya kuua. Fawkes, mwenza (mhusika anayeandamana na mchezaji) asiyedhurika na mionzi, alikuwa amesimama pale pale, na akiombwa aingie alikataa! Nyongeza ya Broken Steel (2009) ilimruhusu. Kwa hiyo, kabla ya kuandika tukio la mtu kujitoa kafara, pitia kila mwenza na kila kifaa. Kikipatikana kinachoweza kuliepusha, kiache kifanye kazi au kiondoe mapema kwa sababu inayoeleweka. Kisingizio cha mlangoni hakimdanganyi mtu.

Bosi wa mwisho, yaani adui mkuu wa kufungia gemu, apime ujuzi uleule uliofundishwa. Aliyecheza kwa kunyata saa ishirini asilazimishwe kurushiana risasi.

Penye hatua isiyo na kurudi, weka onyo la wazi na uhifadhi maendeleo ya mchezaji katika faili la pekee, lisifutwe na hifadhi za kawaida.

Mwishowe, wajaribishe watu wasioijua hadithi, wenye maamuzi yanayopingana, nao waicheze gemu nzima. Anayerushwa moja kwa moja hadi sura ya mwisho hana alichowekeza, hivyo hataudhika. Kila mmoja asimulie ilivyoisha. Masimulizi yakilingana, rudi kwenye jedwali.