Umekulia baharini? Rekebisha haya kabla hujaingia mashindano ya kuogelea

Mimi nimekulia Tanga, kuogelea nimejifunzia baharini pale Raskazone kwa kusukumwa majini na washkaji, kwa hiyo siku ya kwanza naingia bwawani kushindana nilijiona samaki. Katoto ka kike, sijui ka darasa la tano, kakaniacha karibu nusu ya bwawa, nikafika ukutani nahema kama nimekimbizwa na mbwa.

Tatizo halikuwa nguvu, lilikuwa kichwa. Sisi wa baharini tunaogelea kichwa juu, chumvi inauma macho na wimbi unataka ulione linakuja. Sasa kichwa kikipanda miguu inazama, na miguu ikizama hata upige mikono vipi ni kama unavuta nanga. Halafu maji ya bwawa hayakubebi kama ya chumvi, ndo hapo aibu inaanza.

Anza na fristaili, ile ya kifudifudi unapiga mkono mmoja mmoja kwa zamu, hizo staili nyingine zitakuja. Vaa miwani ya kuogelea, angalia chini kwenye ule mstari mweusi. Kwenye pumzi ndo wengi wanafeli, wanabana hewa chini ya maji halafu wakigeuka wanataka kutoa na kuvuta kwa mkupuo, haiwezekani. Toa taratibu ukiwa chini, mi niliambiwa niimbe mmmm kwa puani mdomo umefungwa, mapovu yakitoka mfululizo uko sawa. Ukitaka kuvuta hewa usinyanyue kichwa, zungusha bega na kiuno pamoja, jicho moja libaki majini, yakitoka yote mawili ujue umeshanyanyua.

Halafu hesabu mikono. Mita 25 unapiga mingapi? Mi nilianza na 31, nikawa napunguza mmoja mmoja: kiwiko juu, kiganja kisipapase maji, sukuma mpaka ufike pajani. Nilipofika 22 nilikuwa naenda kasi zaidi na sichoki, mpaka leo nashangaa.

Staili ya mgongo, ile ya kuogelea chali, sina maneno mengi, nyanyua tumbo usikae kama uko kwenye kiti. Ila zile bendera zinazoning'inia juu ya bwawa ziko mita 5 kutoka ukutani, jua kutoka pale unapiga mikono mingapi mpaka ukuta, la sivyo utosi utakusimulia.

Staili ya chura, ile unayopiga miguu kama chura, watu wanaidharau kwa sababu kila mtu anadhani anaijua. Teke la chura ni nyayo kuelekea nje, zote mbili kwa pamoja, mguu mmoja ukikata kama mkasi umetolewa. Kaa ukingoni mwa bwawa, miguu ndani ya maji, geuza nyayo kama bata anavyotembea, piga mara 50 ukiwa unaiangalia kwa macho yako. Ukishapiga nyooka, telezaaa, usikimbilie kuvuta mikono tena.

Batafulai, ile ya kurusha mikono yote miwili mbele kwa pamoja, sijaiva nayo, nisikudanganye. Ni mateke mawili kila ukizungusha mikono mara moja, moja mikono ikiingia, moja ikitoka, na nguvu inatoka kifuani na kiunoni. Ukisikia mabega yanawaka mapema ujue unaiogelea kwa mikono tu. Ila usiseme hii siyo ya watu wa kwetu, Jason Dunford wa Kenya alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola kwa staili hiihii, mita 50, Delhi 2010.

Mazoezi siku 3 kwa wiki zinatosha kuanzia: mita 200 taratibu za kupasha mwili, kisha mita 25 mara 8 ukipumzika sekunde 20 kila mara, kisha miguu tu na kile kibao cha povu. Staili ikianza kuharibika simama, ukiendelea hapo unafanyia mazoezi makosa.

Na kwenye chura na batafulai gusa ukuta kwa mikono miwili kwa pamoja, ukigeuka na ukimaliza. Mi nilimaliza wa pili siku moja, nikageuka kuwapungia wenzangu jukwaani, kumbe jaji mkono wake uko juu tangu nilipogeuka kule mwanzo, niligusa na mmoja.