Kuziba tundu la usalama kwenye Apache

Tovuti ya wakulima wa kahawa wa Mbozi naihudumia kwa mbali, nikiwa Mwanjelwa, Mbeya. Seva inatumia mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04, na kurasa za tovuti hutolewa na programu ya Apache. Kwanza tunza nakala ya /etc/apache2, folda ya mipangilio ya Apache. Kisha andika sudo apt update, halafu sudo apt install --only-upgrade apache2.

Hapa wengi hubabaika: namba ya toleo inabaki 2.4.52, ilhali Apache wenyewe wameshatoa matoleo mapya zaidi. Usihangaike. Ubuntu hutia kiraka, yaani marekebisho ya kuziba tundu, ndani ya toleo lilelile. Kinachobadilika ni mkia wa namba. Amri ya apt changelog apache2 itakuonyesha namba za CVE, yaani namba za utambulisho wa matundu ya usalama, zilizozibwa. Hizo ndizo za kusoma.

Kiraka nacho usikiamini kipofu. Oktoba 2021 tundu la toleo 2.4.49 lilizibwa kwa 2.4.50, kumbe bado linapitika. Siku chache baadaye ikabidi itoke 2.4.51.

Sasa kagua mipangilio kwa sudo apache2ctl configtest. Ukiona Syntax OK, ndipo uwashe Apache upya kwa sudo systemctl restart apache2. Mimi hufanya usiku, tena simu ikiwa na bando, maana umeme wa huku haubishi hodi ukiondoka. Fungua tovuti, ujaribu na ukurasa wa kuingilia.