Jinsi ya Kucheza Ludo
Ludo, ambayo jina lake ni neno la Kilatini lenye maana ya "nacheza", ilipewa hataza Uingereza mwaka 1896, ingawa asili yake ni pachisi, mchezo wa kale wa India. Kila mchezaji huwa na kete nne, na hakuna kete inayotoka nyumbani kabla dadu haijaonyesha sita. Hapa Kisumu, kete ikipotea, kizibo cha soda kinatosha. Kete huzunguka ubao kwa mwelekeo wa mikono ya saa, na ikiangukia penye kete ya mpinzani, ile ya mpinzani hurudishwa nyumbani kuanza upya. Hapo ndipo watoto hugombana, kwa hiyo ni vyema sheria zikubaliwe kabla dadu haijarushwa. Mshindi ni yule anayetangulia kuzifikisha zote nne katikati.