Saa ya mkononi ya mazoezi katika vilima vya Bukavu: namna ya kuichagua na kuishi nayo

Mtu anayepanda kwa miguu kutoka ukingo wa Ziwa Kivu hadi mtaa wa Kadutu, juu mlimani, amefanya kazi ambayo hesabu ya hatua peke yake haiwezi kuieleza. Hatua 1,000 za tambarare na hatua 1,000 za mlima huonekana sawa kwenye kioo cha saa, ilhali mwili unaijua vizuri tofauti yake. Kwa sababu hiyo, sisi wa Bukavu tunapaswa kwanza kutazama jinsi saa inavyopima mapigo ya moyo, kisha betri yake inadumu muda gani, na tatu kama ina barometa, yaani kipimo cha shinikizo la hewa. Rangi, umbo na picha za kioo zinaweza kungoja.

Mapigo hupimwa kwa mwanga wa kijani unaomulikwa kwenye ngozi. Damu hunyonya mwanga huo, na kiasi kinachorudi hubadilika kila moyo unapopiga, kwa hiyo saa huhesabu mabadiliko hayo. Ngozi nyeusi nayo hunyonya sehemu ya mwanga wa kijani, na hapo saa dhaifu hubabaika. Usikubali kuonyeshwa mkononi mwa muuzaji tu. Ivae mwenyewe, tulia, weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono wa pili, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha mara mbili, kisha linganisha. Halafu ivue, uifunge kwenye kitambaa kilichoviringishwa. Hata saa nzuri inaweza kudanganyika kidogo, lakini ile inayokipa kitambaa mapigo yaliyotulia, pamoja na shinikizo la damu, irudishe mezani na uondoke. Mwenye tatizo la shinikizo la damu aendelee kutumia kipimo cha mkanda unaojazwa hewa na kubana mkono.

Kuhusu betri, ninashauri bila kusita uchague inayodumu wiki moja au zaidi. Saa zenye kioo king'avu na programu nyingi huhitaji chaji kila siku au kila baada ya siku mbili, na katika mtaa ambao umeme hurudi usiku wa manane kwa saa chache, huo ni mzigo. Bangili nyembamba za mazoezi hudumu zaidi, ingawa GPS (inayoonyesha mahali ulipo kwa satelaiti) inapowashwa betri hushuka haraka. Uliza pia habari za waya wa chaji, kwa maana nyingi hutumia waya wa sumaku wa aina yake, usioingiliana na wa simu, na ukipotea huenda usipate mwingine sokoni. Hakikisha vilevile kwamba saa inaelewana na simu yako. Apple Watch, kwa mfano, huhitaji iPhone.

Barometa ndiyo inayotambua mlima, kwa kuwa shinikizo la hewa hupungua kadiri unavyopanda. Mvua inapokaribia, shinikizo hubadilika hata ukiwa umesimama, na saa hudhani umepanda au umeshuka. Ukifika ziwani, kama saa yako inaruhusu, rekebisha mwinuko uwe mita 1,460 hivi, kisha ndipo uanze safari ya kurudi juu.

Saa inahesabu mkono unavyotikisika, haioni miguu. Dada yangu alitwanga sombe (majani ya muhogo) nusu saa bila kuondoka kwenye kinu, na saa ikamwandikia hatua karibu 1,500. Jioni alipobeba dumu la maji kichwani, mkono wenye saa ukiwa umelishika, hatua nyingi za kweli hazikuandikwa. Pikipiki kwenye barabara yenye mashimo inaweza pia kukuongezea hatua. Usihangaike na lengo la hatua 10,000, ambalo lilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, na hizo ndizo za kufuatilia. Ili ujue ya wastani ni yapi, kwa makadirio toa umri wako kutoka 220 upate kikomo cha mapigo. Mwenye miaka 40 ana 180, na mazoezi ya wastani kwake ni kati ya mapigo 115 na 137 kwa dakika. Ukipanda mlima mkali utavuka hapo mapema, basi punguza mwendo.

Ivae juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, ikaze bila kuumiza, na uoshe ukanda mara kwa mara kwa maji baridi, kwa sababu jasho na sabuni zinazobaki chini yake huwasha ngozi. Maandishi ya 5 ATM (kustahimili shinikizo la maji sawa na la kina cha mita 50) yanaruhusu kuogelea, lakini hayana maana kwamba unaweza kupiga mbizi mita 50.

Kila asubuhi, kabla hujaondoka kitandani, tazama mapigo ya mapumziko na uyalinganishe na yako ya wiki iliyopita, si ya jirani. Yakipanda ghafla na mwili ukawa na joto, acha mazoezi siku hiyo uende kituo cha afya kupima malaria, maana saa haiwezi kukuambia homa hiyo ni ya nini.