Kupima bakteria wa kienyeji dhidi ya viwavi

Kiwavi akila jani lililonyunyiziwa bakteria wa Bacillus thuringiensis, maarufu kama Bt, hafi papo hapo. Huacha kula baada ya saa chache, hulegea, huwa mweusi, kisha hufa baada ya siku mbili tatu. Mkulima akipita shambani kesho yake na kuwakuta viwavi bado wamo, huona dawa imeshindwa na kukimbilia sumu kali. Inasikitisha, kwa sababu mara nyingi viwavi hao walikwisha kuacha kula. Kwa hiyo unapojaribu bakteria wa kienyeji, yaani aina za Bt zilizopatikana kwenye mazingira yetu wenyewe, usihesabu mizoga tu. Angalia pia jani limeliwa kiasi gani.

Bakteria huyu hutengeneza fuwele za protini. Utumbo wa kiwavi una hali ya alkali, nayo huyeyusha fuwele hizo; sumu inayotoka hutoboa ukuta wa utumbo. Dawa ikimgusa tu haimdhuru, lazima aile pamoja na jani.

Aina za kienyeji hupatikana kwenye udongo, majani, vumbi la ghala na viwavi waliokufa wenyewe. Zinafaa kutafutwa kwa sababu huenda zikawa na sumu tofauti na zile zilizozoeleka. Nondo mgongo-almasi, mdudu ambaye viwavi wake hula kabichi, alishaonyesha usugu kwa Bt mashambani Hawaii, na taarifa zake zilichapishwa mwaka 1990.

Maabara hupasha sampuli hadi nyuzi joto 80 kwa dakika 10 hivi; bakteria wengi hufa, wenye spora, yaani vijimbegu vinavyostahimili joto, hubaki. Wanaotoa fuwele hutambuliwa kwa hadubini. Kisha vipande vya majani huchovywa kwenye viwango mbalimbali vya mchanganyiko wa bakteria hao na maji na kupewa viwavi wachanga wa umri mmoja. Kundi moja lipewe majani yaliyochovywa kwenye maji matupu, jingine dawa ya Bt iliyosajiliwa. Viwavi wa kundi la maji wakifa wengi, kuna kitu kingine kinachowaua, kwa hiyo jaribio hilo litupwe na kuanzwa upya. Wengine huona uchungu kupoteza kazi ya wiki nzima, lakini matokeo hayo hayana thamani.

Aina iliyoshinda maabara bado ina kazi. Jua huidhoofisha ndani ya siku chache, kwa hiyo majaribio ya shambani yafanyike jioni, viwavi wakiwa wadogo, na chini ya majani pakilowa. Kiwavi aliyekwisha kujichimbia ndani ya moyo wa mmea wa mahindi hafikiwi kwa urahisi.

Nasisitiza: usivundike bakteria hawa kwenye pipa nyumbani. Bt ni ndugu wa karibu wa Bacillus cereus, anayesababisha sumu ya chakula, na baadhi ya aina za Bt hutoa sumu nyingine inayodhuru hata wanyama. Kuzitenganisha ni kazi ya maabara.

Ukikuta viwavi weusi, waliolegea na kufa bila kunyunyiziwa dawa, wachukue kwa kibanio, uwafunge kwenye karatasi safi na kavu, uandike jina la zao, mahali na tarehe, kisha umkabidhi afisa ugani awafikishe maabara.