Kuifundisha kompyuta ione mahali introni inapokatwa

Anayetaka kujenga modeli ya kazi hii, ushauri wangu ni mmoja: hangaika na data kwanza, mtandao wa neva utasubiri. Introni ni kipande cha jeni ambacho seli hukikata na kukitupa kabla ya kutengeneza protini. Karibu introni zote za binadamu huanza na herufi za DNA GT na kuishia na AG. Tatizo, GT na AG zimetapakaa DNA nzima. Ukiokota vipande vyovyote ukaviita "si mpaka" (yaani si mahali introni inapoanza au kuishia), modeli itatafuta herufi hizo mbili tu katikati, ikupe asilimia 99, nawe ufurahie bure. Mifano hasi, yaani hiyo ya "si mpaka", nayo iwe na GT au AG palepale katikati, tena itoke kwenye jeni zilezile.

Mipaka ya kweli ipakue GENCODE, orodha ya jeni za binadamu na mahali zilipo; herufi zitoke GRCh38, toleo la rejea la jenomu ya binadamu. Jeni iliyo kwenye uzi wa kutoa (uzi wa pili wa DNA, ulio mkabala na ule ulioandikwa kwenye faili) isome kinyumenyume, A iwe T, C iwe G, na kinyume chake. Kata dirisha la herufi 400, kila herufi uigeuze namba nne: A ni 1,0,0,0, C ni 0,1,0,0, hivyohivyo hadi T.

Usichanganye jeni ovyo kati ya mafunzo na majaribio. Zinazofanana zitavujisha majibu. Tenga kromosomu nzima. Waliotengeneza SpliceAI (2019), modeli maarufu ya kazi hii, walitenga 1, 3, 5, 7 na 9 kwa majaribio. Modeli yao husoma herufi 10,000 kuzunguka kila nukta, kazi ya GPU hiyo, chipu ya hesabu nzito. Wewe anza na tabaka chache za konvolusheni (vichujio vinavyopita juu ya herufi vikitafuta ruwaza), majibu matatu: mwanzo wa introni, mwisho wake, au si chochote.

Sasa mtihani ninaouamini kuliko jedwali lolote la matokeo. Chukua HBB, jeni ya beta-globini, kromosomu 11. Introni yake ya kwanza ina herufi 130. Kwa wagonjwa wengi wa thalasemia (ugonjwa wa damu wa kurithi) huko Kupro, G ya 110 ya introni hiyo imekuwa A; juu ni toleo la kawaida, chini la wagonjwa:

CCTATTGGTCTATTT
CCTATTAGTCTATTT

AG mpya hiyo! Seli hukata hapo badala ya mwisho halali, na herufi 19 za introni zinabaki ndani ya mRNA, nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini. Ipe modeli matoleo yote mawili, ulinganishe alama za "mwisho wa introni" kwenye AG hiyo. Zisipopanda, usikimbilie kuongeza tabaka. Rudi ukague mifano hasi. Na kwenye faili la VCF, linaloorodhesha mabadiliko ya DNA, badiliko hili utalikuta kama C kwenda T, kwa sababu HBB iko uzi wa kutoa.