Jinsi ya kucheza RPG za zamani za Kijapani leo bila kukata tamaa njiani

Mtu akiniuliza kama RPG za Kijapani za miaka ya tisini, yaani gemu ndefu za hadithi ambazo unakuza wahusika wako, bado zinachezeka, nami humuuliza: kwa siku una muda gani? Picha zake hazina shida. Kilichozeeka ni ule mzunguko wa porini, kuua kiumbe kilekile mara arobaini ili upate hela ya upanga. Ukijua namna ya kuupunguza, kinachobaki ni hadithi, muziki na ufundi ambao sijauona kwenye gemu nyingi za sasa.

Mimi nauza kwenye duka la dawa Tanga. Nafunga saa mbili usiku, na kuanzia saa tatu hadi saa nne simu ni yangu. Kwa saa hiyo moja ya kila usiku nimemaliza Chrono Trigger mara tatu na Final Fantasy VI mara mbili. Haya ninayoeleza yametoka humo.

Usianze na ya kwanza kabisa. Wengi huanza na Dragon Quest ya 1986 kwa sababu ndiyo mama wa gemu hizi, na wiki haiishi wameshaacha. Anza na Chrono Trigger, iliyotolewa na kampuni ya Square mwaka 1995 kwa Super Famicom, konsoli ya Nintendo. Iliwakutanisha Hironobu Sakaguchi wa Final Fantasy, Yuji Horii wa Dragon Quest na mchoraji Akira Toriyama. Maadui wengi unawaona wamesimama mbele yako, na mnapigana palepale mlipokutana, skrini haikatiki. Ukienda bila kupoteapotea, utaimaliza kwa saa ishirini na kitu. Kwa mtu wa saa moja kila usiku, huo ni mwezi mmoja.

Ukifika kwenye sherehe ya mwanzo, ile ya kuadhimisha miaka elfu moja ya ufalme, tulia. Utamgonga msichana na mkufu wake utadondoka. Kuna chakula cha mtu kiko mezani. Kuna mtoto anamtafuta paka wake. Sikuambii ufanye nini. Ninachokuambia ni kwamba kuna watu wanakuona, na kuna siku utasimama mbele ya baraza la mahakama, ushahidi utatolewa wa hayo uliyodhani ni mchezo tu. Nilipofika hapo mara ya kwanza niliiweka simu chini. Gemu ilikuwa imenitazama saa nzima na haikusema neno.

Ya pili iwe Final Fantasy VI ya 1994. Hapa angalia namba. Ilipouzwa Marekani mwaka huohuo iliitwa Final Fantasy III, kwa sababu baadhi ya zilizotangulia hazikuwa zimevuka bahari, na ile ya IV huko iliitwa II. Kwa hiyo ukisoma maelezo ya zamani kuhusu "tatu", hakikisha ni tatu ipi. Kwenye simu tafuta toleo linaloitwa Pixel Remaster, lililotoka mwaka 2022. Michoro imesafishwa na muziki wa Nobuo Uematsu umerekodiwa upya. Vaa hedifoni. Kwenye kiti cha daladala spika ya simu inaua nusu ya gemu, hasa ukifika kwenye lile onyesho la opera ndani ya gemu.

Sasa suala la vikorombwezo. Pixel Remaster ina sehemu kwenye mipangilio inayokuwezesha kuzima mapigano ya kushtukiza na kuongeza pointi za uzoefu, zile zinazokuza nguvu za wahusika wako, hadi mara nne. Hapo ndipo watu wengi wanapoiharibu gemu kwa mikono yao wenyewe. Ukiweka mara nne tangu mwanzo, mabosi, yaani maadui wakubwa, wanakufa kabla hawajamaliza kuongea, na wengi wa mabosi hao wana maneno katikati ya pigano ambayo ndiyo hadithi yenyewe. Utaratibu wangu ni huu: mwanzo naacha kila kitu kama kilivyotengenezwa. Bosi akinishinda mara mbili, naweka pointi mara mbili na kuzunguka hadi nimmudu, halafu narudisha. Mapigano nayazima pale tu ninaporudi nilikotoka, pangoni ambamo nimeshafungua kila sanduku. Safari ya kwenda ina mafunzo. Unajifunza adui yupi anaogopa moto na yupi anakuibia dawa. Safari ya kurudi haina jipya, ni mwendo tu, na mtu mwenye saa moja hana sababu ya kuulipia.

Kuna sehemu ya gemu hiyo naomba uicheze bila msaada wowote, bila kutafuta jibu mtandaoni. Dunia imeharibiwa, mwaka umepita, na Celes, mmoja wa mashujaa wako, anaamka kwenye kisiwa kidogo pamoja na mzee Cid. Mzee anaugua na hajala kwa siku kadhaa. Kazi yako ni kushuka ufukweni, kumvulia samaki na kumlisha. Ndani kwa ndani gemu inahesabu afya yake, na inashuka hata ukiwa umesimama tu kwenye mchanga unashangaa bahari. Hakuna namba inayoonyeshwa. Unajua hali yake kwa maneno anayokuambia ukirudi.

Mpwa wangu, ana miaka kumi na minne, alikuja likizo nikampa simu afike hapo mwenyewe. Akawa anakamata samaki wa polepole, kwa sababu ndio rahisi kuwashika. Samaki wazima wanakimbia. Wanaojikokota ndio wabovu. Mzee akala, akazidi kudhoofika. "Shangazi, mbona nampa chakula na haponi?" Nilijibana nisimjibu. Akarudi ufukweni mara ya saba au ya nane, na alipofika tena kitandani mzee alikuwa kimya. Kijana alibonyeza tena na tena, akidhani simu imegoma. Kisha akanitazama. Hadithi inaendelea, mzee akipona au asipopona, kwa hiyo hakuharibu chochote. Lakini usiku ule hakutaka kucheza tena, na asubuhi aliniomba aanzie pale aliposevu ajaribu upya. Samaki wale ni vidoti vichache vya rangi ya mwaka 1994.

Ukishamaliza hizo mbili, rudi nyuma. Dragon Quest V ya 1992 inakuchukua ukiwa mtoto unayemfuata baba yako, hadi unaoa na kupata watoto wako mwenyewe, na majini unayopigana nao wengine wanaomba kujiunga nawe. Toleo lake la simu linachezwa simu ikiwa wima, kwa kidole gumba cha mkono mmoja, kwa hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayesafiri amesimama.

Hapo ndipo Dragon Quest ya kwanza itakuwa na maana kwako. Katika gemu ile ya 1986 unaanzia chumba cha mfalme. Kuna masanduku matatu na mlango uliofungwa. Ndani ya masanduku mna dhahabu 120, mwenge na ufunguo, na bila ufunguo hutoki. Mchezaji wa wakati ule hakuwahi kuona gemu ya namna hii. Kabla hajakutana na adui hata mmoja, tayari ameshajua kuongea na watu, kufungua sanduku, kutumia kitu na kushuka ngazi. Horii alifundisha yote hayo kwa chumba kimoja, bila darasa. Baada ya hapo kweli ni mzunguko mtupu, na uko peke yako hadi mwisho, lakini kile chumba kicheze.

Kuhusu zama za PlayStation, Final Fantasy VII ya 1997 bado inasimama kwa hadithi yake, ila jiandae kwa watu wenye mikono kama matofali. Kwa macho yangu, michoro bapa ya 1994 na 1995 imedumu vizuri kuliko 3D za mwanzo. Matoleo ya konsoli za sasa yana kitufe cha kuongeza kasi mara tatu. Kitumie kwenye mapigano ya kawaida, kizime mtu anapoongea.

Za kuacha kwa sasa: Final Fantasy II ya 1988, ambayo nguvu zako hukua kwa kupigwa na kwa kurudia silaha ileile, hadi wachezaji huwapiganisha wahusika wao wenyewe kwa wenyewe ili wakomae. Na Phantasy Star II ya 1989, yenye mapango ya kukupoteza kiasi kwamba Marekani iliuzwa na kitabu cha maelekezo ndani ya boksi. Ukiipenda hadithi yake ya sayansi ya kubuni, anza na Phantasy Star ya kwanza kwenye Switch, konsoli ya Nintendo, maana toleo lile linakuchorea ramani unapotembea.

Kabla ya yote nunua daftari la kurasa 48. Gemu hizi hazikuwekei mshale juu ya kichwa cha mtu. Mzee wa kijijini anakuambia mara moja tu kwamba kuna pango kusini mwa ziwa, na kesho yake usiku, baada ya siku nzima ya wagonjwa na foleni, umeshasahau. Mimi naandika mistari mitatu kabla ya kuzima: nilipo, ninakokwenda, nani alinituma. Maneno ya Kiingereza nisiyoyajua nayaandika ukurasa wa nyuma. Mpwa wangu ameokota humo zaidi ya maneno mia, na sasa ananisahihisha mimi.

Mwisho, sevu yako. Niliwahi kuifuta apu ili nipate nafasi ya picha za harusi, nikidhani mchezo utanisubiri. Saa thelathini na moja zilikwenda. Kabla ya kubadili simu au kufuta kitu, ingia kwenye menyu ya gemu uone kama kuna sehemu ya kuhifadhi nakala mtandaoni, uibonyeze, kisha usubiri hadi ikuambie imekamilika. Kama haipo, usiiguse apu hiyo hadi umalize. Na uweke sevu mbili, nafasi ya kwanza na ya pili, ukipishanisha kila usiku, ili ukijifungia pangoni bila dawa uwe na jana ya kurudia.